Mtundulu umekula malisho yako? Usikimbilie bomba la dawa kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wafugaji wenzangu wa huku Uyui, na wengine wananipigia toka Sikonge na Kaliua, ni dawa gani inaua mtundulu, ule mti wa miiba unaovamia malisho. Hawaulizi nyasi gani wapande wala ng'ombe wangapi wanatosha eneo lao, ni dawa tu. Na mimi huwa namrudishia mtu swali: mwezi wa kumi na mbili ng'ombe wako walikuwa wanakula wapi? Anaona kama namkwepa vile, ila sikwepi, jibu lake lipo hapohapo.

Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, zinaanza Novemba hivi mpaka Aprili, baada ya hapo ni kukavu mpaka Oktoba. Nyasi ikikauka juu haijafa, uhai wake uko chini kwenye mizizi na kishina, ndo imeweka akiba hapo. Mvua za kwanza zikinyesha inachomoa majani kwa hiyo akiba, bado haijaanza kujilisha yenyewe, na wakati huohuo ng'ombe wametoka kiangazi mbavu zinahesabika, wakiona kijani hawashikiki, na sisi tunafungua zizi tunashukuru Mungu shida imeisha. Ng'ombe anakata jani, nyasi inachomoa lingine, anakata tena, wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, akiba inakwisha. Nyasi ya namna hiyo haifi siku moja, inabaki kijishina kimedumaa na pembeni yake udongo mtupu. Udongo mtupu wenye unyevu mwezi wa kumi na mbili haukai bure, utaota kitu tu, na kitakachoota ni kile ambacho ng'ombe hakitaki.

Ndo maana nasema magugu ya malisho chanzo chake ni njaa ya Novemba na Desemba. Watu wengi wakihesabu chakula cha kiangazi wanahesabu mpaka mvua ya kwanza, hapo ndo hesabu inapokosewa, hesabu mpaka nyasi ifike angalau nusu ya goti, na hiyo kwa kawaida ni mwishoni mwa Desemba kabisa, mwaka wa mvua za kusuasua inavuka.

Tupige hesabu yenyewe. Ng'ombe wa kilo 250, hawa wetu wa kienyeji, anakula chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na kidogo, tuweke 7 kwa sababu hei, yaani nyasi iliyokatwa ikakaushwa, ina unyevu kidogo na nyingine anaikanyaga. Toka katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Desemba ni siku 45, zidisha unapata kilo 315. Robota la kufunga kwa mkono lina kama kilo 20, kwa hiyo ni marobota 16 kwa ng'ombe mmoja. Una ng'ombe kumi ni 160. Inaonekana nyingi lakini nenda kaulize bei ya kung'oa mtundulu ekari moja kwa vibarua, halafu urudi tuongee.

Kufunga robota hakuhitaji mashine. Unatengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, unatandika kamba mbili za katani ndani, unajaza nyasi huku mtu anakanyaga kwa miguu, unafunga, unalivua sanduku juu. Vijana wawili waliozoea wanafanya kazi nzuri tu. Kuhifadhi ni juu ya fito, lisiguse chini, na liwe na paa hata la nyasi, mchwa wa Tabora mnawajua wenyewe.

Sasa kuna tatizo moja la huku ambalo maelekezo mengi hayalisemi. Tunaambiwa kata hei nyasi inapoanza kutoa maua, ni kweli kabisa, hapo ndo ina lishe. Ila nyasi zetu za asili, hasa zile ndefu za kuezekea, zikiachwa toka Desemba zinatoa maua katikati ya mvua, ukikata utaanika wapi, inavunda. Ukisubiri Mei mvua zikatike unakuta ni mabua matupu. Nyasi ya asili ya kiangazi protini yake inashuka chini sana na tumbo la ng'ombe linataka chakula chenye protini asilimia 7 hivi ili lisage vizuri, ndo unaona ng'ombe tumbo limejaa halafu anakonda. Ninachofanya mimi, lile eneo la hei nalilisha Januari mpaka mapema Februari, nafyeka mabaki yote kwa slesha, halafu nafunga, hakuna ng'ombe kukanyaga. Inachipua upya, na Aprili ikiisha mvua ikiisha nayo ndo inaanza kutoa masuke, laini bado. Na ile fyeka ya Februari inafyeka na magugu kabla hayajakomaza mbegu, kwa hiyo unapiga kazi mbili kwa mpigo mmoja.

Kufunga eneo wala si kitu kipya huku. Ngitiri za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho ya akiba, zipo Nzega na Igunga toka zamani, zimezungushiwa minyaa, zinafungwa mvua zikianza na kufunguliwa katikati ya kiangazi. Kule Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulizifufua ngitiri na ardhi iliyokuwa jangwa ikarudi kuwa na miti na nyasi, bila kupanda sana, kwa kuiacha ipumzike tu. Kwa hiyo mtu asikwambie kupumzisha malisho ni mambo ya wazungu wenye ranchi. Usipokuwa na hela ya waya panda minyaa, ila jihadhari na utomvu wake machoni, waambie na watoto.

Baki ya eneo gawanya. Vipande vinne ni mwanzo mzuri, ng'ombe wahame kabla hawajakwangua, waache angalau urefu wa kiganja, na wasirudi mpaka nyasi ipone, masika ni kama wiki nne mpaka sita. Kama huna uzio kijana wa kuchunga akielewa inatosha. Kijana wangu nilimwambia achungulie nyasi iliyoliwa, si ng'ombe, akaona maajabu, sasa hivi ananiambia yeye mwenyewe "mama leo tuhame, wameanza kurudia palepale walipokula juzi." Hicho ndo kipimo chenyewe, ng'ombe akianza kurudia chipukizi changa na kuacha nyasi ya pembeni ujue umechelewa kuhama.

Haya, mtundulu wenyewe, maana najua ndo uliokuleta hapa.

Kwanza uelewe mti unaopambana nao. Miiba yake ni ncha za matawi, ua lake lina rangi mbili, nusu njano nusu zambarau linaning'inia, maganda yamejiviringa kwa kishada. Ng'ombe wanayapenda sana hayo maganda kiangazi, wanakula, halafu mbegu wanakwenda kuzinya kwingine zikiwa zimelainishwa na mbolea juu. Kwa hiyo shamba la jirani lenye mtundulu ni lako pia. Na ukinunua ng'ombe mnadani msimu wa maganda usiwaingize malishoni siku hiyohiyo, wakae zizini kama wiki wapewe hei na maji watoe walichobeba, na hiyo samadi uirundike ivunde vizuri kabla hujaipeleka shambani.

Ukiukata kwa panga ukaondoka, umeupalilia. Mizizi inatambaa chini chini na kila mahali inatoa chipukizi, ulikata mmoja unakuta kumi na miwili imekaa duara. Kukata peke yake kunaongeza kichaka na nimeona watu wanatumia hela nyingi kila mwaka kuzidisha tatizo. Njia inayolipa ni kukata mwanzoni mwa mvua halafu mbuzi waingie kwenye chipukizi zikiwa changa kabla miiba haijakakamaa. Mbuzi ni mnyama wa vichaka, jani la mtundulu kwake ni pilau. Warudishe tena na tena kila zikichipua, mzizi unachoka kwa sababu kila jani unalotoa linaliwa, ni ileile hesabu ya akiba ya nyasi ila safari hii iko upande wako. Inachukua misimu, si wiki, anayekuahidi msimu mmoja anakuuzia kitu.

Penye visiki vikubwa ambavyo huwezi kusubiri, hapo dawa ina nafasi. Kata karibu na ardhi, na dakika hizohizo kabla utomvu haujakauka paka glaifosati, dawa ya kuua magugu, kwenye kidonda kwa brashi, ile pete ya pembeni karibu na gome ndo muhimu kuliko katikati. Ukienda kunywa chai kwanza urudi upake, umepoteza dawa. Hii inatumia dawa kidogo sana na nyasi ya pembeni haiguswi.

Moto? Watu wa huku tunachoma mno. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi unaunguza kweli chipukizi za vichaka lakini na akiba yako ya nyasi imekwenda, na miti ya miombo inaumia, na nyuki wa wenzako. Mimi nautumia kwa nadra, kwenye kipande kimoja kilichozeeka, serikali ya kijiji ikijua, barabara ya moto imelimwa kuzunguka, na mvua ziko mlangoni. Baada ya hapo hakiguswi na ng'ombe mpaka nyasi isimame vizuri. Ukichoma halafu ukalisha chipukizi umerudi palepale pa Desemba.

Bomba la dawa kwa magugu ya majani mapana, haya ya mifagio na mengine, 2,4-D inafanya kazi, inaacha nyasi inaua majani mapana, ila piga yakiwa madogo, yanakua, udongo una unyevu, asubuhi pasipo upepo. Na nyie wa Urambo, Kaliua, na hata huku kwetu, nisikilizeni vizuri. Tumbaku haipatani na 2,4-D hata kidogo. Upepo ukipeleka kidogo tu shambani kwa jirani majani yanajikunja na kuchongoka, pamba nayo ni hivohivo, karanga na maharage pia. Kijijini kwetu kesi ya namna hii ilifika kwa mtendaji na undugu wa miaka ukaishia hapo. Bomba ulilopigia usilitumie tena kwenye mboga au tumbaku, hata ukisuuza, nunua lingine la kazi hiyo. Na kama umechanganya desmodi au fiwi, mikunde ya malisho, kwenye nyasi zako basi usipige kabisa eneo zima, nazo ni majani mapana, zitakwenda. Hakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usome siku za kuzuia mifugo, hasa wanaokamuliwa. Kuna jambo wengi hawalijui, gugu lenye sumu likipigwa dawa linapokufa huwa tamu zaidi kwa mnyama kuliko lilipokuwa hai, ng'ombe aliyekuwa analipita sasa analila.

Kwa sumu, mawili uyang'oe kwa mkono popote ukiyaona: lantana, inayoharibu ini mpaka ng'ombe anageuka macho ya njano na ngozi inababuka juani hasa sehemu nyeupe, na mwingajini unaoota kuzunguka mazizi, mbegu zake ndo hatari. Gugu karoti lilianza kuonekana Arusha mwaka 2010 hivi, linatembea na magari na hei, kwa hiyo ukinunua marobota toka mbali fungua moja kwanza uangalie kuna nini. Likiota vaa glavu, linawasha watu ngozi na kubana kifua.

Vipara vilivyobaki ndo pa kupanda. Nyasi ya Rhodes inakwenda vizuri, kilo 4 kwa ekari zinatosha, mbegu ni nyepesi mno zinapeperuka, changanya na mchanga mkavu, mwaga, fukia kwa kupitisha tawi la miiba tu, ukizika chini zaidi ya sentimita 2 haitoki. Shamba la serikali la Vikuge kule Kibaha wanazalisha mbegu za malisho, muulize afisa mifugo wako wa kata mapema, Septemba hivi, maana Novemba ikifika kila mtu anazitafuta na zinazobaki sokoni nyingine ni makapi. Ziloweke chache kwenye pamba yenye unyevu wiki moja kabla ya kulipia mzigo, zisipoota muachie muuzaji mbegu zake.