Kyusu ni buli, si birika

Msomaji anayetafsiri maelezo ya maonyesho ya vyombo vya chai vya Kijapani, vikiwemo vya mji wa Tokoname, ameuliza: "Kyusu ya Tokoname nimeiita 'birika la kauri'. Mwenzangu amekataa maneno yote mawili. Nani yuko sahihi?"

Mwenzako. Birika hukaa motoni likachemsha maji. Buli halionji moto: hutiwa majani, humiminiwa maji yaliyokwisha kuchemka, kisha chai hutoka humo kwenda vikombeni. Kyusu, yenye mkono uliochomoza ubavuni, inafanya kazi hiyo ya pili. Wajapani wana birika lao pia, tetsubin, la chuma cha kusubu. Najua nyumba nyingi siku hizi huita vyote birika, na mtu akiniagiza hivyo mezani nitamletea buli bila ubishi. Lakini vyombo hivi viwili vikiwekwa pamoja kwenye maonyesho, jina moja halivitoshi.

Kauri ndiyo inayoniuma zaidi. Kwanza ni simbi, lile ganda la pwani linalong'aa; kwa mng'ao huohuo jina likahamia kwenye vyombo vyeupe kama vya Kichina. Waitaliano walipita njia hiyohiyo: porcellana yao nayo ilikuwa jina la simbi. Basi tuliachie neno kauri chombo cheupe, kigumu, chembamba hata nuru ikapenya. Arita, katika mkoa wa Saga, inastahili jina hilo. Kauri imetengenezwa huko tangu mwanzoni mwa karne ya 17.

Tokoname haistahili. Mabuli yake mashuhuri ni ya udongo mwekundu wenye chuma. Bizen, mji mwingine wa ufinyanzi, ndiyo kabisa: haipakwi utando wa kioo, hukaa jokoni siku 10 na zaidi kwa kuni za msonobari, na majivu yanayotua juu yake ndiyo mapambo. Na Hagi, mji mwingine tena! Udongo wake una vinyweleo. Chai hupenya kwenye nyufa nyembamba za utando, na bakuli hugeuka rangi mwaka hadi mwaka. Wapenzi wake husema hubadilika mara saba. Ukiliita kauri umefuta sifa inayowafanya watu walipende.

Umeandika pia "ufinyanzi wa Hagi-yaki". Yaki tayari ni ufinyanzi; inatokana na kitenzi cha kuchoma: sisi kazi hii tumeipa jina kwa kufinyanga, wao kwa moto. "Ufinyanzi wa Hagi" unatosha. Chawan iite bakuli la chai, kwa kuwa hushikwa kwa mikono miwili kama bakuli. Vile vikombe vidogo vya sencha, chai ya kijani, visivyo na mkono viite finjani. Wanywaji kahawa wa pwani wataviona mara moja.

Kwa hiyo andika "buli la udongo mwekundu, Tokoname", na neno kyusu liweke kando yake kwa herufi za mlazo.