Nyumba ya Lamu Utaijua kwa Pua

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Ni kitu gani cha nyumba ya asili ambacho picha haikionyeshi?" Jibu langu ni harufu, na shahidi wangu ni marehemu bibi yangu.

Bibi alipoteza macho uzeeni, katika nyumba ya mawe mjini Lamu aliyozaliwa humo humo. Hakuhitaji kushikwa mkono. Kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, palinuka punda na vumbi la njiani. Akishapita tekani, ukumbi mdogo nyuma ya mlango, harufu hizo zinakatika, maana pale unapinda kwanza ndipo uingie. Upepo wa njiani haupiti moja kwa moja, wala jicho la mpita njia. Kiwandani, uwanja usio na paa, palikuwa na asumini. Kisha vyumba vinafuatana: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), na chumba kiitwacho ndani. Ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake haupiti urefu wa boriti ya mkoko, na mwanga wao hutoka kiwandani. Ndiyo maana udi ulikaa. Baada ya magharibi chetezo kilianzia ndani: kaa moja la moto, kipande cha udi kisichozidi ukucha, na bibi ameinama anatandaza leso juu ya moshi mpaka inashika joto. Hata asubuhi yake, kila ulivyozidi kuingia ndivyo udi ulivyozidi kukupokea. Hivyo ndivyo bibi alivyohesabu vyumba.

Jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na shombo la samaki vichukuliwe na upepo. Wanaosifu zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na milango ya nakshi hawalitaji hilo. Nakshi naipenda, lakini akili ya jiko lile naiona kubwa zaidi.

Halafu tukakarabati. Fundi alibandua chokaa, akapiga saruji na rangi ya mafuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu kisha huutoa; saruji iliufungia ndani, tukaanza kunusa ukungu. Na jiko, la gesi sasa, tukaliteremsha msana wa tini kwa raha zetu.

Wiki hiyo bibi alisimama katikati ya nyumba yake, kiganja ukutani, akauliza: "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Jiko tulilirudisha juu kabla mwezi haujaisha. Saruji hatujaimaliza kuibandua mpaka leo.