Alhamisi yangu Tukuyu

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Unapofanya kazi mbali na kwenu, ni nini hukupumzisha?" Nimelisoma mara mbili tatu, kwa sababu sisi wa kazi hii ni nadra kuulizwa. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mlezi kwenye makao ya watoto hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Mlezi wa watoto wasio na wazazi akisema amechoka, hujibiwa kwamba kazi hii ni wito. Ni wito kweli, na mwenye wito naye ana mgongo unaouma.

Nianze na furaha ndogondogo, maana hizo ndizo zinazonifikisha jioni. Ya kwanza ni jua. Watu wa Pwani wenzangu watashangaa, sisi tunaolikimbia. Huku upepo wa Ziwa Nyasa hupanda mpaka ukakutana na Mlima Rungwe, ukapoa, ukamwaga maji yote juu yetu. Upande huu wa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sasa fikirieni nyumba iliyojaa watoto wa shule: sare, masweta, mashuka ya wale wadogo wanaokojoa usiku. Wiki ya mvua nguo hutundikwa hadi jikoni, zikanuka moshi, na bado mtoto huenda darasani na soksi mbichi. Kwa hiyo mawingu yakifunguka, mtu hupiga kelele "Jua!" na wote tulio nyumbani, mpishi, mlinzi na mimi, tunatoka mbio na mabeseni. Soksi tunazibana mbilimbili kwenye kamba mpaka inainama. Tukimaliza nageuza ndoo, nakaa, naegemeza mgongo kwenye ukuta ulioanza kupata joto, na sifanyi lolote. Mpishi huniletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Majani ya chai hayo yamelimwa papa hapa Rungwe, na mashamba yake nayaona kutoka pale nilipokaa.

Ya pili ni watoto wenyewe wanaporudi na mvua, kila mmoja na jani la mgomba kichwani, wanacheka na kusukumana ili maji ya jani la mmoja yamwagikie mwenzake. Shikamoo zao huanzia getini. Ya tatu husikika Jumapili. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891, na matarumbeta yao asubuhi huvuka bonde lote. Mimi ni Mwislamu, lakini natoka nje kusikiliza, na wale wadogo hupiga gwaride uani.

Jumamosi napika mahamri. Iliki naagiza Mombasa, nazi nanunua sokoni kwa bei isiyo ya kwetu, na mbaazi naziloweka tangu usiku. Kazi ni kazi, mtasema, lakini kupika chakula cha nyumbani kwenu katika nchi ya watu hupumzisha kuliko kulala. Watoto wameshajua utaratibu: hamri likitoka kwenye mafuta limevimba, halitafunwi kwanza, hutobolewa kwa kidole ili mvuke utoke. Wengine hutoboa la jirani.

Hizo ni furaha. Mapumziko ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapotaka kusema zaidi.

Siku yangu ni Alhamisi. Natoka saa mbili asubuhi, watoto wakishafika shule, na narudi saa kumi na mbili jioni. Anayeshika zamu yangu ni mama mmoja wa hapa Tukuyu ambaye watoto wanamjua tangu zamani, na hulipwa siku yake. Siku hiyo niliiomba kwa muda kabla ya kukubaliwa. Alhamisi nyingine nalala tu. Lakini kiangazi, kati ya Juni na Oktoba njia inapokauka, mimi na rafiki yangu anayeuza ndizi tunapanda gari la Mbeya, tunashukia Isongole na kwenda kwa miguu hadi Ziwa Ngozi. Mnapita mashamba ya viazi, mnaingia msituni kwenye mianzi, kisha mwisho ni kupanda kwa kushika mizizi. Ziwa halijitokezi hata kidogo mpaka ufike ukingoni. Ghafla lipo chini yako, maji ya kijani ndani ya shimo la volkano iliyoporomoka zamani, kuta zake msitu mtupu, na hakuna mto unaotoka. Ukungu ukishuka ndani ya shimo huoni chochote, basi mnakaa mkila ndizi za kuchoma mkisubiri uondoke. Kwa saa nzima hakuna anayeniita. Nawapenda wanangu wale, na saa hiyo naihitaji.

Mwanzoni niliogopa kwamba kutoka kwangu kungewaumiza watoto. Wengi wao waliwahi kuachwa na mtu aliyesema anarudi, au aliyeondoka bila kusema kitu. Nimeona kinyume, ila kwa sharti moja: usitoke kwa kunyata. Ratiba ya zamu ipo ukutani jikoni, watoto wenyewe huweka alama, na Jumatano usiku nawaaga wakiwa vitandani. Alikuwepo mdogo mmoja aliyekuwa akishika pindo la leso yangu kila nikikaribia geti, akilia bila sauti. Sikumdanganya kwamba naenda dukani. Nilimwambia ninakokwenda na nitakaporudi, na nilirudi wakati huohuo, wiki baada ya wiki. Siku hizi haulizi ninakwenda wapi. Anauliza kama nitarudi kabla ya ugali. Nikimjibu ndiyo, anakwenda kucheza.

Ndiyo maana nina neno kwa wageni wa kujitolea wanaokuja kwa wiki chache, kutoka nje na hata kutoka Dar. Mioyo yenu mizuri naiona. Lakini mkimbeba mtoto kutwa na kumlaza kila usiku, kisha mkaondoka na ahadi, sisi tunabaki na mtoto anayekodolea geti macho. Saidieni kufua. Saidieni hesabu za darasa la sita, ambazo mimi zinanichosha. Mwacheni mlezi wa kila siku amlaze mtoto, nanyi mkae na kazi nyingine ili mlezi huyo apate mchana wa kulala.

Makao kama yetu yako chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii akija huangalia vitanda, vyoo, chakula na majalada ya watoto. Ni haki kabisa. Natamani aulize pia mlezi alilala saa ngapi jana, na zamu yake nani anaishika. Wakuu wa makao wanaosoma hapa, wekeni pesa ya mlezi wa akiba kwenye bajeti kama mnavyoweka ya unga, maana mlezi aliyechoka hufika mahali akaaga jumla, na watoto wanahesabu mtu mwingine aliyeondoka.

Likizo yangu ya mwaka ni Desemba: basi hadi Dar, kisha Tanga, Horohoro, Lungalunga, mpaka nyumbani kwa mama. Alama imeshawekwa ukutani, ya kwenda na ya kurudi. Maagizo nayo yameanza: makombe ya baharini, achari, ubuyu wa rangi. Wakubwa waliowahi kuogelea Matema, kwenye Ziwa Nyasa, hawakubali hata kidogo kwamba maji mengi vile yanaweza kuwa na chumvi. Wananiambia nawatania kwa sababu ni mgeni. Wamenitengea chupa ya lita moja na nusu, wameiosha na kuandika "BAHARI" kwa kalamu ya wino, na wamekubaliana nani ataonja wa kwanza.