Kabla Hujanunua F-16

Mwanangu mpendwa,

Hapa South C hatujambo. Baba yako mgongo umepoa na amerudia kugombana na TV wakati wa taarifa ya habari. Ujumbe wako nimeupata: "Mama, bonasi imeingia. Ninunue F-16 ama F/A-18 kwenye DCS? Na joistiki gani? Nataka kuanza kupigana wikendi hii." Habari ya kutua hukuuliza, ndiyo maana nakuandikia barua badala ya kukujibu kwa neno moja kwenye WhatsApp.

Neno lenyewe ni hili: ndege usinunue kwa sasa, nunua joistiki, kile kijiti cha kuongozea ndege kwa mkono. DCS World yenyewe, hilo gemu la kompyuta la kurusha ndege za kivita, haiuzwi. Unaipakua bure kutoka kwa watengenezaji wake, Eagle Dynamics, na ndani yake mna ndege mbili: Su-25T ya Kirusi, ya kushambulia shabaha za ardhini, na TF-51D, aina ya viti viwili ya Mustang, ndege ya Kimarekani ya Vita Vikuu vya Pili, isiyo na bunduki hata moja. Ramani unapewa pia, ya Kaukazi na ya visiwa vya Mariana. Hizo zitakutosha kwa miezi. Ukishindwa kabisa kujizuia, ndege nyingi za kulipia unaruhusiwa kuzijaribu siku 14 bila kutoa shilingi, ukichukua toleo linalopakuliwa kwenye tovuti yao. Kwa nini basi uuziwe mbuzi kwenye gunia?

Kompyuta nitaipitia haraka. Ile laptopu yako ya kazini, yenye RAM ya gigabaiti 8 na isiyo na kadi ya grafiksi, sahau. Gigabaiti 16 ndiyo ya kubangaiza, 32 ndiyo ya kustarehe, na diski lazima iwe SSD yenye nafasi ya gigabaiti zaidi ya mia moja, kwa kuwa gemu hili linakula nafasi kama nini. Kama bonasi haifiki huko, kuna gemu jingine la ndege, IL-2 Sturmovik: 1946, la mwaka 2006. Picha zake zimezeeka lakini urukaji wake bado una heshima, na laptopu ya ofisi inaimudu. Usipakue DCS kwa bando la simu, utalia. Na stima ikikatika katikati ya kusasisha, usifute kila kitu na kuanza upya. Ndani yake kuna kitu cha kukarabati mafaili kinachoitwa Repair, kiache kifanye kazi yake.

Joistiki sasa. Ukizunguka Luthuli na Moi Avenue utaonyeshwa pedi za PlayStation kwanza. Sema wazi kwamba unataka joistiki ya ndege, yenye kuzungushwa kwenye kifundo ili ifanye kazi ya pedali za miguu. Za bei nafuu hupima mkono wako kwa kipande cha kaboni kinachosuguliwa, na kaboni ikilika, mshale kwenye skrini unaanza kutetemeka hata hujaigusa joistiki. Thrustmaster T.16000M inatumia sumaku badala ya kusugua, na ndiyo ningeichagua mimi niliyekaa miaka nikifungua vyombo vya ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson. Ukipata Logitech Extreme 3D Pro kwa bei nzuri, hiyo pia itakufikisha. Seti kubwa za maelfu na maelfu ziache kwanza.

Ukishaichomeka, usiruke. Nenda kwenye ukurasa wa vidhibiti, upande wa mihimili (axes), yaani mienendo kama pua juu na chini au nguvu ya injini, ukague kila safu. DCS ina tabia ya kugawa mihimili yenyewe kwa kila kifaa inachokiona, kwa hiyo unaweza kukuta vifaa viwili vinaamuru pua ya ndege kwa pamoja, au nguvu ya injini iko kinyume, ukisukuma inapungua. Watu wanaacha gemu hili wakidhani hawana kipaji, kumbe ni hiyo tu. Ukiwa ndani ya ndege, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kijisanduku kitatokea pembeni kikionyesha mkono wako umekaa wapi hasa. Kiache kiwe hapo wiki za mwanzo.

Haya, Mustang. Kuwasha injini usijisumbue nako siku ya kwanza. Kitufe cha Windows cha kushoto pamoja na Home kinaiwasha yenyewe. Anzia Batumi, uwanja ulio karibu na usawa wa bahari. Ukikaa mwanzo wa njia ya kurukia, mbele huoni kitu, maana mkia uko chini na pua ndefu imeziba kila kitu. Angalia kingo za lami, kulia na kushoto. Vuta joistiki kuelekea tumboni. Kwenye ndege hii, kuvuta huko ndiko kunafunga gurudumu la mkia lisizunguke ovyo, likabaki kugeuka digrii 6 tu kila upande. Trimu ya usukani wa mkia, kile kirekebishi kinachousaidia kubaki upande mmoja, iweke digrii 5 au 6 kulia. Kisha ongeza nguvu, polepole. Ipo saa inayosoma shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, kwa inchi. Marubani wa vita walikuwa wanaipandisha hadi 61 wakiondoka. Wewe ishia kwenye 40. Ukiipa injini ile nguvu zake zote kwa mkupuo, ndege inavutika kushoto, unakanyaga kulia kwa hofu, inarudi kulia kupita kiasi, na kabla hujasema lolote uko kwenye nyasi na bawa limechimba ardhi. Kanyaga kulia mapema, kidogo kidogo, bila kungoja ikukimbie. Mwendo ukikolea legeza mkono, mkia utainuka, na hapo ndipo utaiona barabara yote mbele yako. Ikipita maili 100 kwa saa itakuwa inataka kuondoka yenyewe.

Zunguka uwanja, urudi utue. Magurudumu usiyashushe ukiwa juu ya maili 170. Weka flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zote chini, uje kwa maili 120, na usiruhusu mshale wa saa ya mwendo upande wala ushuke. Hapa ndipo utakapoinuka kwenye kiti mara nyingi kwenda kunywa chai kwa hasira. Rudi. Su-25T inasamehe zaidi wakati wa kutua kwa sababu ina gurudumu la mbele, lakini swichi zake hazishikiki kwa kipanya na kompyuta inakufanyia mengi, na ndiyo sababu nakutaka uanze na hii ngumu.

Kuhusu ule mshale wa mwendo nina ya kusema, maana ndio ulionilisha. Kazini nilikuwa nasafisha mirija inayotokeza kwenye bawa au puani, ile inayopokea upepo wa mbele. Nyigu akijenga humo, rubani anaondoka ardhini na mwendo wa uongo. Saa ile haipimi mwendo hasa, inapima jinsi hewa inavyosukuma mdomo wa mrija. Uwanja wetu mkubwa wa ndege wa Nairobi, JKIA, uko mita 1,624 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo saa ikisoma 120 ndege inakata hewa kwa 130 hivi. Ukiwa futi 20,000, saa ikisoma noti 300 (noti ni maili ya baharini kwa saa), ndege inakwenda karibu noti 400. Bawa nalo linahisi hewa ile ile inayohisiwa na mrija, ndiyo maana ukitua Batumi au Nairobi unafuata namba ile ile kwenye saa. Tofauti ni kwamba Nairobi lami inapita chini yako kasi zaidi na inaisha mapema.

Wewe unayetaka kupigana, hapa ndipo utege sikio. Duara la kugeuka linafuata mwendo wa kweli, siyo wa saa. Mwendo ukiwa mara mbili, kwa kuvuta kule kule, duara linapanuka mara nne. Basi kule juu saa inakwambia unakwenda taratibu, wewe unavuta ukitarajia ndege igeuke kama ilivyogeuka karibu na bahari, haigeuki, unavuta zaidi. Bawa lina pembe yake ya mwisho ya kuukabili upepo. Ukiipita, hewa inaachana nalo, hata kama mwendo upo. Mustang itatetemeka kidogo kukuonya, halafu bawa moja litaanguka na utaanza kuzunguka kuelekea chini. Toa nguvu ya injini, kanyaga pedali upande ulio kinyume na mzunguko, kisha sukuma joistiki mbele, ungoje. Kama ardhi imekaribia mno, Ctrl ya kushoto na E mara tatu, uruke na mwavuli. Si aibu, gemu halina mazishi.

Wanaoanza hufikiri vita vya angani ni kulenga. Kulenga ni sekunde mbili za mwisho. Kabla yake kuna kimo na mwendo: kimo ni akiba, mwendo ni pesa ya mfukoni, na kila ukivuta kona kali unalipa. Anayegeuka kwa nguvu tangu mwanzo anabaki chini, polepole, hana pa kwenda, na adui aliyetulia juu anachagua wakati wake. Fanya zoezi hili kwenye Mustang isiyo na risasi: kutoka futi 10,000 geuka mzunguko mzima ukivuta sana, uone umebaki na nini, halafu panda, rudia kwa kuvuta kwa wastani huku ukiachia pua ishuke kidogo. Soma saa mbili tu, ya mwendo na ya kimo. Hilo ndilo somo, na hakuna F-16 itakayokufundisha vizuri zaidi.

Kisha shingo. Tangu 1916, Mjerumani Oswald Boelcke alipoandika kanuni zake za mapigano ya angani, jambo la kwanza ni kujipatia nafasi bora kabla ya kushambulia, jua likiwa mgongoni mwako. Na huyo huyo Boelcke, mwaka ule ule, aliuawa kwa kugongana na ndege ya rubani wa kikosi chake wakati wote wawili wanafukuza adui. Kwa hiyo usikodolee shabaha moja. Kugeuza macho kwa kitufe cha juu ya joistiki kunawezekana lakini kunachosha. Kuna programu ya bure iitwayo opentrack, ambayo kwa kamera ya kawaida ya kompyuta inafuata kichwa chako, ukigeuka kidogo picha inageuka sana. Weka taa mbele yako, siyo nyuma, ama itakuona kivuli tu. Baba yako akinikuta nimeegemea upande huku natazama begani huuliza kama nimepata kiharusi.

Swali lako bado nakumbuka, sijalikwepa. Kati ya F-16 na F/A-18, kwa mtu anayeanza, mimi nasema si moja wala nyingine. F-16 inaongozwa kwa kompyuta kati ya mkono wako na mabawa, nayo itakuzuia kuvuta kupita kiasi na kukuficha makosa yako. Utatumia mwezi mzima kukariri vitufe vya rada na kurasa za skrini, na kuruka hutakuwa umejifunza. F/A-18 ni hivyo hivyo, pamoja na kishawishi cha kutua kwenye meli. Ukitaka ya kununua baada ya Mustang, nunua F-5E. Ni ndogo, injini mbili za J85, mizinga miwili ya milimita 20, rada ya kawaida, swichi chache zinazoeleweka, na ikikuangusha unajua ni kwa nini. Halafu ni yetu: Jeshi la Wanahewa la Kenya limekuwa nazo tangu 1978, na kambi yake ni Laikipia, kule Nanyuki. Zile zilizokuwa zinakufanya uzibe masikio siku ya Jamhuri ukiwa mdogo ndizo hizo.

Kupigana na watu mtandaoni ngojea. Kuna vijana huko wamekaa miaka mingi kwenye ndege moja, watakutoa angani kabla hujapata kujua walikuwa upande gani, na hutajifunza chochote isipokuwa kuchukia. Pigana na kompyuta kwanza, mmoja kwa mmoja, kwa bunduki peke yake, bila makombora.

Jumamosi njoo na joistiki ikiwa na risiti yake, na usitupe kasha. Nitaichomeka kwenye mashine yangu niangalie kama mshale unatulia katikati ukiiachia. Mshale ukitetemeka, tunairudisha dukani Jumatatu kabla siku za kurudisha hazijaisha. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, siku hizi mchana mtaa wetu stima haina uhakika.

Wako,
Mama