Kotonii ya Paje imekwenda wapi?

Dada, umeuliza kwa nini kinamama wa Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, wameacha kupanda kotonii ilhali ndiyo mwani wenye bei. Hawakuacha kwa kupenda. Mashamba yao yako kwenye maji ya magotini. Bamvua likikupwa jua likiwa kali, maji yanayobaki ni vuguvugu. Kotonii haistahimili: vitawi vinageuka vyeupe, vinalainika, ukiinua kamba vinakukatikia mkononi. Spinosumu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, lakini kilo yake ni bei ya kutupa, na joto likizidi nayo inaugua.

Njia ipo: kuhamisha kamba kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa walioingia kwenye kilimo hiki tangu kilipoanza kibiashara 1989 hawajui. Kwa hiyo darasa la kuogelea kwanza, usicheke! Jambiani wapo pia wanaofuga sifongo za kuogea, zile za asili za baharini. Wengine husaga mwani wakatengeneza sabuni. Mimi ningeanza na sabuni: haihitaji mashua, na hata spinosumu inafaa.