Mshipa upi?

Swali lenu la wiki hii, "Ni somo gani ulilolisoma ukubwani likakutoa jasho, na uliliwezaje?", nililiona alfajiri nikiwa ndani ya gari, nimetoka zamu ya usiku, nangoja barafu iyeyuke kwenye kioo. Jibu lilinijia kabla barafu haijaanza kulegea. Anatomia na fiziolojia, yaani viungo vya mwili na jinsi vinavyofanya kazi, sehemu ya kwanza na ya pili, mihula miwili, kwenye komyuniti koleji moja hapa Ohio. Nilikuwa na miaka 38, watoto wawili, na Kiingereza cha kuombea kazi lakini si cha kubishana na bili ya hospitali.

Kwa walioko nyumbani nieleze kidogo. Wengi wetu tukifika Marekani tunaingilia mlango wa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi kwenye nyumba za wazee: kuogesha, kugeuza, kulisha, kubadilisha nepi. Mafunzo yake ni ya wiki chache. Anayetaka kupanda awe muuguzi kamili, njia isiyomfilisi ni komyuniti koleji, chuo cha umma chenye ada nafuu, miaka miwili. Kozi hiyo ya miaka miwili chanzo chake ni mwalimu wa uuguzi aliyeitwa Mildred Montag, aliyeipendekeza katika tasnifu yake ya mwaka 1951, nchi ikiwa na uhaba wa wauguzi. Mama huyo nikikutana naye ahera nitamshukuru, kisha nitamuuliza ile miwili inahesabiwaje, maana kabla hujaruhusiwa hata kuomba nafasi kuna masomo ya kutangulia, na anatomia ndiyo yenye kufuli. Ukipata chini ya C, huingii. Ukipata hiyo C yenyewe, omba Mungu, kwa sababu nafasi ni chache na wenye A wamejipanga mlangoni.

Nilidhani shida yangu itakuwa Kiingereza. Kumbe Kiswahili nacho kilikuwa kimenitega.

Wiki za mwanzo tulipewa sanamu ya mkono wa plastiki iliyopasuliwa ili ndani paonekane. Kando ya mfupa zimepita kamba tatu zimelaliana: nyekundu, ya buluu, ya njano. Mwalimu anauliza hii ni nini, na mimi kichwani nina neno moja tu: mshipa. Ateri inayotoa damu moyoni ni mshipa. Vena inayoirudisha ni mshipa. Neva inayokufanya ukurupuke ukigusa sufuria ya moto ni mshipa, tena wa fahamu. Ukano unaotuna shingoni mtu akikasirika, mshipa. Na mwanamume akivimba kule chini, kwetu Tanga tunasema ana mshipa, na kila mtu anaelewa na kuinamisha macho. Neno hilo lilinitosha maisha yangu yote. Hapo mezani, mbele ya kamba tatu, nilijiona kama mtu aliyetumwa sokoni anunue "kitu".

Mkono nao vilevile. Mkono wangu mimi unaanzia begani unaishia kwenye kucha. Wao bega hadi kiwiko ni kitu kingine, kiwiko hadi kifundo kingine, kiganja kingine. Nikaanza kukasirika kwamba lugha yangu haina majina, mpaka nilipokumbuka kwamba inayo, ila sikuwa nayatumia. Kigasha, hicho cha kiwiko hadi kifundo. Mtulinga, ambao tuliuchora darasa la sita. Muundi, ambao kila aliyewahi kugonga ukingo wa kitanda gizani anajua uko wapi. Kongosho, gegedu, kiwambo, zoloto. Nikaanza daftari lenye safu mbili, Kiswahili na Kilatini. Siku nilipogundua kwamba neno la Kiswahili ninalo tayari, lile la Kilatini lilipata pa kutundikwa.

Mtihani wa kwanza wa vitendo nilipata 54. Mtihani huo unavyokwenda: vituo 50 chumba kizima, kila kimoja kina mfupa au sanamu au kipande cha nyama chenye pini ya kibendera, unasimama hapo sekunde 60, kengele inalia, unahama. Ukikosea herufi moja, umekosa. Nilikwazwa na mfupa wa nyonga. Nilikuwa nimemsikia mwalimu akiutaja mara ishirini, nikaandika nilivyosikia: ileum. Hiyo si nyonga. Hiyo ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Nyonga ni ilium. Kwa ulimi wa Kimarekani hayo maneno mawili yanatoka sawasawa, huwezi kuyatenganisha kwa sikio, na wenyeji wenyewe nusu ya darasa waliyachanganya.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Usiku nikayasoma kwa sauti jinsi nilivyofundishwa kusoma darasa la kwanza, herufi kama ilivyo: i-li-u-m. I-le-u-m. Subhanallah! Kwa Kiswahili hayafanani hata kidogo. Ile ya utumbo ina "le" kama ya "kule", kule ndani chakula kinakokaribia mwisho. Tangu siku hiyo nikaacha kusoma anatomia kwa lafudhi ya watu. Latissimus dorsi, levator scapulae, gastrocnemius: majina ya misuli ambayo wenzangu waliyaogopa kama nyoka, mimi nilikuwa nayasoma kama tangazo la basi. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Kwenye somo hili hakuna mwenyeji. Yule kijana wa Ohio aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka chuoni naye hajawahi kusikia neno sphenoid mezani kwao. Dada mmoja wa Bukavu niliyekuwa nakaa naye meza moja ndiye aliyekuwa na bahati kutuzidi, kwa sababu alisoma kwa Kifaransa; figo kwao ni rein, basi kila chenye renal alikitambua kwa mbali. "Dada, hii yote njo Kifaransa!" alikuwa akisema, akicheka, na mimi namwambia asinikoge.

Moyo wa kondoo tuliupata wiki za mwanzo za muhula wa pili. Uliletwa kwenye mfuko, rangi ya kahawia iliyofifia, unanuka dawa ya kuhifadhia inayong'ang'ania puani hadi usiku. Wasichana wawili walitoka nje. Mimi nimekulia nyumba ya kuchinja Idi. Moyo wa kondoo nimeukata mara zisizo na hesabu, vipande vya supu. Mwalimu akasema tutafute upande wa kushoto bila kukata. Ukiutazama tu unaweza kupotea. Ukiubana kwa vidole unajua papo hapo: upande mmoja unabonyea kama mfuko, mwingine mgumu kama mpira wa miguu uliojazwa vizuri. Ule mgumu ndio kushoto, kwa sababu wa kulia unapeleka damu mapafuni tu, hapo jirani, na wa kushoto unaipeleka hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Lita tano hivi kila dakika, umekaa umetulia.

Nikaupasua. Ndani kuna nyuzi nyeupe, nyembamba, ngumu, zimefungwa chini kwenye vinundu vya msuli na juu kwenye vijani vya vali. Nilikaa nazitazama. Nyuzi zile ndizo nilizokuwa nikizikata jikoni na kumtupia paka. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na nilichokiona pale ni demani, kamba inayoshika tanga ili upepo usiligeuze. Moyo ukibana, damu inazipiga vali kwa nguvu, zinafunga, na nyuzi hizo zinazizuia zisipinduke kuelekea zilikotoka. Katika ile sauti ya du-dum unayoisikia ukimlaza mtoto kifuani, du ni milango hiyo ikijifunga, na dum ni zile vali nyingine mbili za kutokea moyoni. Hilo sikulikariri. Kwenye mtihani niliandika mpaka nafasi ikaisha, nikaendelea nyuma ya karatasi.

Siku niliyonyoosha mkono kwa mara ya kwanza darasani ilikuwa siku ya bandama. Kijana mmoja alisema bandama haina kazi kubwa, mjomba wake alitolewa baada ya ajali na anaishi vizuri tu. Ni kweli, mtu huishi bila hiyo. Lakini kwetu bandama ni neno la kila siku. Mtoto aliyeugua malaria tena na tena, tumbo linamtuna upande wa kushoto chini ya mbavu, na mama anasema "ana bandama". Mimi mwenyewe nilichanjwa na bibi yangu nikiwa na miaka minne au mitano, alama tatu fupi, bado ziko. Nikawaeleza. Mwalimu akamalizia: kiungo hicho, ambacho kwa kawaida ni kama gramu 150 na hukipapasi kwa sababu kimejificha ndani ya mbavu, ndicho kinachochuja chembe nyekundu zilizochakaa au zenye vimelea, zikiwa nyingi kinaelemewa na kukua. Darasa likaniangalia kama mtu aliyetoka kwenye kitabu. Bibi yangu alikosea dawa, lakini kiungo hakukikosea.

Sasa, niliwezaje? Muda wa kusoma sikuwa nao, kwa hiyo nilisomea kazini. Usiku nikimwosha mzee mkono, kimoyomoyo natamka mifupa minane ya kifundo. Nikimvisha soksi, natamka ya mguu. Kulikuwa na bibi wa miaka 91 asiyepata usingizi, zamani alikuwa katibu muhtasi. Alinishikia kadi zangu. Maana ya maneno hakuijua hata moja, lakini herufi zilikuwa zake. Nikiacha h anasimamisha kidole. Yeye ndiye aliyenipandisha kutoka 54 hadi 81, na sitanii.

Miguu ya bibi huyo ilikuwa ikivimba. Ukibonyeza juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo linalochukua muda kufutika. Nilikuwa nimeyaona mashimo hayo miaka mitatu na kuyaandika kwenye fomu bila kujua ninachoandika. Tulipofika sura ya moyo na figo ndipo vitu vikaungana: moyo umechoka, damu inarudi nyuma kwenye vena kama maji ya mtaro ulioziba, maji yanavuja kwenye tishu, na kwa kuwa yanateremka chini yanajaa miguuni. Na kile kidonge chake cha asubuhi, ambacho sisi tunakiita cha kukojoza na yeye alikiita jina baya zaidi? Figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Mimi niliyebeba maji kichwani naihesabu kwa ndoo: ndoo tisa za lita 20. Mkojo unaotoka ni lita moja au mbili. Kilichobaki chote figo zinakirudisha kwenye damu. Kidonge kinazuia chumvi isirudishwe kwenye kifereji kimoja kilichopinda kama kipini cha nywele, na maji huifuata chumvi. Ndiyo maana alikuwa akiniita chooni kila nusu saa hadi saa sita mchana, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikinung'unika.

Kuna mambo niliyoyaruka nikayavuka kwa kudra tu. Uwiano wa asidi na besi mwilini sijauelewa vizuri mpaka leo. Na kitoto cha nguruwe walichotuletea mwisho wa muhula, mimi Muislamu wa Tanga, nilikikabili kwa glovu mbili mbili na makubaliano na dada wa Bukavu: yeye akate, mimi nitaje. Nilitaja kila kitu. Nilimaliza na B sehemu zote mbili, nimeomba nafasi ya uuguzi, nasubiri barua.

Jumapili nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, wajukuu hawajambo, mvua imenyesha. Akaniambia yuko salama, ila mshipa unamsumbua.

"Mshipa upi, mama?"

Kimya. Nikadhani vocha imekata.

"Kwani wewe huko," akasema, "umekwenda kusomea nini?"