Wadogo zangu wapima, hiyo mita mbili mmeitoa wapi?

Juzi nilikaa viti vya nyuma kwenye kikao cha wadau hapa Tanga, vijana wetu wakiwasilisha ramani ya maeneo yanayofurika maji yakifika kimo cha mita mbili. Slaidi safi, nembo zimepangwa, bluu inameremeta. Diwani mmoja akanyoosha mkono: "Injinia, hiyo mita mbili ni kutoka wapi?" Kimya. Kisha mmoja wao akajibu, "Kutoka kwenye DEM, mheshimiwa," yaani modeli ya kompyuta ya vimo vya ardhi, bila kusema vimo hivyo vimehesabiwa kuanzia wapi. Mheshimiwa akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi najua alichoandika, maana niliwahi kuandikiwa hicho hicho.

Sitarudia ya darasani. Kufunga leveli, darubini yetu ya kupimia vimo, mnajua; bezi na rova, vipokezi vya satelaiti, mnazijua kuliko mimi. Nasema ya kikaoni, kwa sababu huko ndiko ramani zetu zinakofia.

1. Taja chanzo cha kimo kabla hujaulizwa. Ukiwa Tanga kushindwa kukitaja ni aibu mara mbili, kwa kuwa vimo vya taifa vilianzia kwenye usawa wa bahari uliopimwa hapa hapa Tanga.

Mimi yalinikuta kwenye halmashauri moja ya pwani, usajili wangu ukiwa bado mpya. Mtaa ulikuwa na sehemu mbili. Ya juu niliipima kwa leveli, nikitokea benchimaki ya zamani, alama ya kudumu yenye kimo kinachojulikana. Ya chini, jua limekuwa kali na mshika stafu (fimbo ya vipimo) keshachoka, nikaimalizia kwa RTK, upimaji wa satelaiti wa papo hapo, vimo vikishushwa kwa EGM96, modeli ya dunia nzima ya usawa wa bahari. Kila upande peke yake ulikuwa sawa, ila kila mmoja ulihesabu vimo kutoka sifuri yake. Nilipoviunganisha ofisini, kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili kukatokea ngazi ya kama mita moja, ya chini ikionekana juu kuliko ya juu, katikati ya barabara niliyoipita kwa bodaboda bila kurushwa. Mpima mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa na kikao kesho yake. Nikaiambia programu ilainishe, ikalainisha, ngazi ikageuka mteremko usiokuwepo duniani, na ramani ikapendeza kweli kweli.

Kikaoni nikaeleza bila kupepesa macho kwamba mtaa wa juu unafurika na wa chini uko salama. Mama mmoja, kajitanda kanga, akaomba kusema. "Mwanangu, siku hizi maji yapanda mlima?" Ukumbi wote ukaangua kicheko. Akaendelea, wala hakuwa na hasira: mwaka wa elnino, 1997 kuingia 1998, kwake walipandisha magodoro darini, na kwake ndipo nilipopaacha peupe. Nikaanza kujibu kwa "modeli" na "usahihi wa wima". Nani angenisikiliza? Ubaya ni kwamba mezani hakukuwa na ramani tu. Tulikuwa tunaomba fedha za kusimika benchimaki mpya na kupima mitaro yote ya kata. Ombi likaahirishwa, na mnajua ombi lililoahirishwa huendaga wapi. Kalvati iliyokaa juu kuliko mtaro wake, ambayo upimaji ule ungeibaini, ikabaki pale pale masika baada ya masika.

Kesho yake nikaenda kumtaka radhi yule mama. Akaniamuru nihamishe kabati la vyombo. Nyuma yake ukutani palikuwa na mstari wa kahawia, chokaa imeliwa, juu kidogo ya soketi. Nikasimika leveli mlangoni, stafu sebuleni, watoto wanagombania kuchungulia kipovu. Nyumba za jirani zilikuwa na mstari huo huo, na vimo vyake vilikubaliana ndani ya vidole viwili. Siku zote nilizokuwa nahangaika na satelaiti, data bora ya mtaa ule ilikuwa nyuma ya kabati.

Basi andikeni pembeni mwa ramani: benchimaki ipi, geoidi ipi, yaani modeli ipi ya usawa wa bahari. Na rova ikikuonyesha hasi ishirini na kitu ukiwa umesimama ufukweni, hujazama. Hiyo ni elipsoidi, umbo la kihesabu la dunia ambalo satelaiti hupimia kimo badala ya usawa wa bahari.

2. Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, na WGS 84, mfumo wa GPS, huku kwetu zinapishana karibu mita 300. Ukizichanganya, mto unaingia msikitini.

3. SRTM, data ya vimo iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ilichukuliwa Februari 2000, na rada yake haikufika chini ya mikoko. Delta ya Ruvu, kaskazini ya Bagamoyo, inaonekana ina vinyanyuko. Hivyo ni vichwa vya miti. Muulize mvuvi wa pale bamvua likijaa maji yanafika wapi, umwandike.

4. Mita 60 si ramani ya mafuriko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, nanyi mnachora bafa, ukanda wa umbali huo kandokando ya mto, mnaipaka rangi, mnaiita hatari. Hiyo ni umbali wa kulala. Maji yanapanda kwa kimo. Ukingo ulionyanyuka unaweza kuwa mkavu mita 20 tu kutoka mtoni, na bonde tambarare likazama mbali kabisa na mstari wenu. Semeni hivyo waziwazi mbele ya wakubwa. Hiyo ndiyo hoja yetu, na hakuna taaluma nyingine itakayotusemea.

Halafu jueni mwananchi akisikia mita 60 anaona nini: X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Kijana wangu mmoja, mchapakazi hasa, aliwahi kupaka alama za ardhini za droni kwa rangi nyekundu, kwa umbo la X, kandokando ya vibaraza vya watu. Kabla hatujarusha chochote mwenyekiti wa mtaa alishafika na mgambo, na kinamama nyuma yao. Tulishinda pale tunaeleza, droni imo kwenye boksi. Chokaa nyeupe ipo, inauzwa, na wala si ghali.

5. Acheni kudharau ramani za wananchi. Ramani Huria ilipoanza Dar mwaka 2015, wanafunzi na wenyeji waliingia mitaani, na data ikawekwa OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni ambako yeyote anaishusha. Najua mnavyosema: haina bikoni, si kazi yetu. Mitaro na njia wameshachora. Kinachokosekana ni kimo cha kuaminika, nacho ni chetu. Pelekeni.

6. Mnakwenda na ombi Aprili, mvua inanyesha, kila mtu ana huruma. Huruma ya Aprili haina kasma. Wakati huo bajeti ya halmashauri imeshafika Dodoma, Bunge linaijadili, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Nendeni Novemba, masika ikiwa bado mbali, mkiwa na picha za masika iliyopita. Anzeni mkutano wa mtaa, ombi lipande na muhtasari. Na liwe na bei: benchimaki ngapi, kilomita ngapi za leveli. Diwani anaweza kuzitetea benchimaki kumi na mbili. "Kujenga uwezo wa takwimu za kijiografia" hawezi. Zifukieni sawasawa kwenye zege, chuma kisichomoze nje. Kikichomoza hakimalizi wiki, wa chuma chakavu wanaamka mapema kuliko sisi.